Homa Iliyochelewa

Wodi ya Majaribio, Hospitali Kuu
2 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za nyumbani? Mama na presha yake wanaendeleaje? Goti lako je, bado linakusumbua ukiinuka? Mimi ni mzima, na neno hilo nakuomba ulishike sana kabla hujashuka chini: mimi ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako ya siku hizi haviivi chungu kimoja. Halafu nikikuambia kwa mdomo utafoka kabla sijamaliza. Kwenye karatasi utafoka, lakini mimi nitakuwa nimeshasema yote.

Kwanza nikuchekeshe. Korido ya kuingilia sasa wameijaza picha za safari nzima ya hospitali hii. Inaanza na vile vyumba viwili vya bati vya mwanzo, wagonjwa wamelala nje kwenye mikeka. Inafuata picha ya daktari akipasua mtu kwa mwanga wa karabai. Kuna jokofu la kwanza la damu, lile la mafuta ya taa ulilokuwa ukilisimulia. Kisha maabara, kisha nyumba ya mbu. Na pembeni ya nyumba ya mbu kuna miguu! Suruali imekunjwa hadi magotini, mbu katua kwenye ugoko, mkono umeshika mrija wa kumnyonyea. Chini wameandika "Mfanyakazi akikamata mbu." Uso haupo. Lakini nitashindwaje kuijua miguu ya baba yangu, na lile kovu la baiskeli? Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanitolea macho.

Mwisho wa ukuta kuna nafasi tupu. Hapo ndipo barua yangu inapoelekea.

Kuna chanjo mpya ya malaria inayojaribiwa hapa. Tumejitolea watu wanane. Nusu yetu wamechomwa chanjo, nusu wamechomwa maji ya chumvi tu, na hakuna anayejua yupi kapata nini. Baadaye mwezi huu tutaumwa na mbu wenye vimelea. Damu yetu itapimwa asubuhi na jioni, na kimelea cha kwanza kikionekana tu, mtu anapewa dawa papo hapo. Nimechukua likizo kazini kwangu, na sindano nimeshachomwa.

Baba, mimi ni mpima damu. Kila siku naweka damu za watoto wa watu chini ya darubini na kuviona vile vidubwasha vinaogelea. Nimechoka kuvitazama tu. Mama usimwambie.

Mwanao,
Kichwa Ngumu

Nyumbani
8 Machi

Kwako Kichwa Ngumu,

Marahaba. Sisi hatujambo, ila mimi tangu jana nimekaa kama niliyekalia siafu. Mama yako anajua. Barua zangu huwa anazisoma yeye kabla yangu, hilo ulilisahau? Alikunja barua akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

We mtoto wewe! Nani amekutuma? Hospitali nzima imekosa watu mpaka wakuchukue wewe? Unaniandikia habari za picha ukutani kana kwamba mimi ni mgeni. Mimi jokofu lile la damu nimelijaza mafuta kwa mikono hii. Siku linazimika tulikimbia na chupa za damu kuzipeleka kisimani zipate ubaridi, na daktari anatukimbilia nyuma huku analia machozi. Nyumba ya mbu nimeijenga nikiwa na Kipara, mimi nimeshika wavu, yeye anapiga misumari. Walipotaka kujua mbu gani anauma saa ngapi, tulikaa tukakunja suruali tukawa chambo. Walituita Miguu na Kipara, hatukuwa na majina mengine.

Kwa hiyo usinifundishe mambo ya kujitolea. Miguu niliitoa mwenyewe. Lakini unakumbuka Chiriku alikufa lini? Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki. Mdogo wako alipandwa na homa mimi niko porini nimekunja suruali nawakamatia wakubwa mbu. Nilirudi na vikopo vimejaa, nikakuta watu wamekaa nje ya nyumba yetu. Mtoto aliyekuwa haachi kuongea hata anapokula, nilimkuta kimya.

Nimeshatoa mmoja, anatosha. Nakataza. Funga mizigo urudi kazini kwako.

Baba yako

Wodi ya Majaribio
13 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini umelala vizuri, na Mama pia. Mimi sijambo, isipokuwa koo. Hapa usiku feni haizimwi na dirisha halifungwi, asubuhi naamka sauti kama ya chura.

Barua yako nimeisoma nikitembea. Siku hizi siwezi kukaa. Natoka kitandani naenda dirishani, natoka dirishani naenda mlangoni. Mwenzangu wa kitanda cha pili, Fundi Cherehani, anasema nitatoboa sakafu.

Baba, Chiriku namkumbuka. Nakumbuka alivyouliza maji yanatoka wapi, na akishajibiwa anauliza tena. Unadhani nimekuja huku kwa sababu nimemsahau? Wewe ulikuwa porini kwa ajili ya watoto wa watu, na wa kwako akaondoka. Mimi nataka siku moja baba wa mtu arudi nyumbani amkute mtoto wake anapiga kelele.

Sirudi. Nisamehe. Hii ni mara ya kwanza nakukatalia kwa maandishi.

Usiogope bila sababu. Wametupima kila kitu, mpaka damu, kuhakikisha hatuna dawa yoyote mwilini. Hata kidonge cha kichwa ni marufuku, kwa sababu dawa ikiingia, jaribio limeharibika. Chakula chao hakina chumvi wala raha, ila mizigo midogo ya nyumbani, vitu vikavu, wanaruhusu baada ya kukagua. Ningepata chai ya tangawizi kwa ajili ya hili koo, ningewasamehe yote.

Mwanao mtukutu

Nyumbani
17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mama yako anakusalimu, goti limepoa, mbuzi kazaa.

Nimefikiri. Mtoto akililia wembe, wahenga walishasema. Sitagombana nawe tena. Wewe ni mtu mzima na uamuzi umeshaupitisha.

Dereva wa gari la hospitali anakuletea kopo. Ni tangawizi, nimeikausha na kuitwanga mwenyewe kinuni, nimechanganya karafuu na pilipili manga. Ni kali kidogo. Weka kijiko kilichojaa kwenye kikombe, asubuhi na jioni, usikose hata siku moja, koo litapona. Uitumie mpaka kopo liishe.

Ni yako peke yako, lakini. Usigawe. Nimeipima kwa ajili yako.

Mungu akulinde.

Baba yako anayekupenda

Wodi ya Majaribio
5 Aprili

Shikamoo Baba,

Hamjambo wote? Mbuzi na mwanawe? Mimi koo limepona kabisa, na hiyo ni kazi yako.

Tulishaumwa! Unaweka mkono juu ya kikopo kilichofunikwa wavu, mbu wako ndani, unawasikia wakija. Unajua nani alivishika vile vikopo? Kipara mwenyewe! Sasa ndiye mkuu wa nyumba ya mbu. Alinitazama usoni, akaniuliza, "Wewe si binti wa Miguu?" Nikamwambia ndimi. Akasema nikusalimu sana, na kwamba hajapata tena mwenzake wa kukaa kimya kama wewe. Nikamwambia labda ulikuwa kimya huko, nyumbani unafoka.

Baba, nakuomba radhi. Agizo lako nimelivunja siku ileile kopo lilipofika. Ungependa nijifungie bafuni ninywe chai peke yangu wenzangu wananusa mlangoni? Umenilea wewe, sikulelewa hivyo. Fundi Cherehani ndiye mpishi wetu. Kila asubuhi na kila jioni anachemsha birika kubwa, anatia vijiko bila huruma, tunakaa wote wanane tunakunywa. Wanaiita Chai ya Baba. Mwalimu wa michezo alisema ina uchungu wa ajabu mwishoni, tukamwambia hiyo ni karafuu, asideke. Kopo limebakia robo. Ukiweza tuletee jingine, wote wanakuombea maisha marefu.

Kuna jambo linatutia wasiwasi, lakini. Mpaka leo hakuna aliyepata homa. Hata mmoja! Tungekuwa tumeshaanza kuanguka. Tunapimwa damu, safi. Tunapimwa joto, sawa. Mwanzoni tulishangilia. Kisha Daktari Mkuu akaja. Ni mama mmoja mrefu, hutembea kama anakimbilia basi. Akatuambia, "Msifurahi. Nusu yenu mlichomwa maji. Maji hayamkingi mtu. Nusu yenu ilikuwa lazima mshikwe na homa."

Sasa kila mtu anamtazama mwenzake. Madaktari wanaingia na kutoka. Mimi nimerudia kutembea.

Mwanao

Wodi ya Majaribio
14 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini mko wazima. Mbona kimya? Dereva wa gari la hospitali amekuja mara mbili mikoba yake haina kitu changu. Kama ni kwa sababu niligawa tangawizi, Baba, hiyo si hasira ya kununiana namna hii.

Huku mambo yameharibika. Wameamua kosa liko kwa mbu. Wanasema Kipara alituletea mbu wasio na vimelea. Jana walimwita ofisini, mlango ukafungwa, lakini sauti ikawa inapita juu ya mlango. Anaapa aliwachunguza mbu wake mmoja mmoja. Wanamwambia amezeeka, macho yamechoka, astaafu kwa heshima kabla hajafukuzwa kwa aibu. Alitoka akapita mbele ya ile korido ya picha, akasimama kwenye miguu yako, akaiangalia. Nikamwendea. Akaniambia, "Miguu angekuwepo angewaambia. Yeye anajua sijawahi kudanganya kuhusu mbu." Kisha akavua koti lake jeupe akalitundika kwenye kiti cha mlinzi, akaondoka.

Na sisi tunarudishwa nyumbani mwisho wa mwezi. Waliotoa pesa za jaribio wamechoka. Chanjo itafungiwa kabatini, labda miaka, labda milele. Daktari Mkuu ameifanyia kazi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Leo asubuhi nimemkuta amekaa kwenye ngazi, viatu kavivua, anatazama ukuta.

Baba, nijibu hata mstari mmoja. Moyo hautulii.

Mwanao

Nyumbani
18 Aprili

Mwanangu,

Siulizi hali yako leo kwa sababu nimekosa uso wa kuiulizia.

Barua yako ya kwanza, ile ya birika, niliisoma mara mbili. Nilisema labda haitakuwa kitu. Nikakaa kimya. Ya pili mama yako ndiye aliyeisoma kwanza, kama kawaida yake. Alinikuta nyuma ya nyumba akaniuliza, "Ulimtilia nini mtoto kwenye tangawizi?" Mwanamke huyu hakuniona nikitwanga. Ila ameishi nami, ananijua. Nikamwambia. Akasema, "Kipara naye ana watoto." Akaingia ndani.

Ndani ya tangawizi kuna dawa. Nilikwenda kwa muuza dawa nikasema nasafiri kwenda kwenye mbu wengi, nataka ya kinga. Nikatwanga vidonge pamoja na tangawizi, nikazidisha karafuu kwa ajili ya uchungu. Nilipima ya mtu mmoja, nikatia na ya ziada kwa sababu ya hofu. Kumbe mtoto niliyemlea sahani yake haijawahi kuwa yake peke yake. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndilo nililolisahau.

Nilijua ninachofanya, mwanangu. Sitajificha nyuma ya uzee. Wewe uliniandikia kwa mkono wako kwamba dawa ikiingia jaribio limeharibika, na nikasema liharibike. Liharibike wewe ubaki. Nilisema watu wanane, mmoja akitoka hesabu haitalia. Niliwaza Chiriku alivyokuwa mwepesi nilipombeba. Sikuwaza Kipara. Sikuwaza huyo mama kwenye ngazi. Nilikuwa na woga, na woga hauna jirani.

Mbu wa Kipara walikuwa wazima. Namaanisha walikuwa wagonjwa kama walivyotakiwa. Chukua barua hii umpe Daktari Mkuu mkononi. Usiogope kunitaja. Kama kuna polisi, waje, nitawachemshia chai, ya kweli safari hii.

Sina la kusema jingine. Nakupenda, na nimekufanyia ubaya.

Baba yako

Wodi ya Majaribio
23 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Nimempelekea. Alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliniuliza kopo liko wapi, nikalitoa chini ya kitanda, nikamkabidhi. Wametupima damu upya. Dawa imo kwa wote wanane.

Unataka kujua wenzangu walisema nini? Fundi Cherehani alikaa chini akasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa nachemsha." Mwalimu wa michezo alicheka, kisha akaacha kucheka. Wawili wamefunga mizigo wakaondoka, na mmoja wao amekataa kunipa mkono. Wiki zote hizi wameacha kazi, wameacha watoto, wametolewa damu mpaka mikono imekuwa myeusi. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya chai.

Kipara amerudishwa. Daktari Mkuu alikwenda nyumbani kwake kwa miguu kumwomba radhi, na koti lake kambebea. Waliotoa pesa wamekubali tuanze tena, damu zetu zikishasafika kabisa. Sita tuliobaki tutaumwa na mbu upya, na wawili wapya watachomwa sindano badala ya walioondoka. Nami nimo. Daktari Mkuu alitaka kunitoa. Nililia mbele yake kama mtoto mpaka akakubali.

Nina hasira na wewe, Baba. Naiandika wazi, kwa sababu umenifundisha kutoficha kinyongo. Ulichukua kitu nilichokuwa nimekiamua kwa akili zangu timamu, ukakitwanga kinuni. Hukuniamini. Miaka yote naangalia darubini, natafuta jinsi ya kuwa mtoto wa Miguu, na Miguu mwenyewe ananiwekea dawa kwenye kikombe kama napewa uji!

Halafu usiku nikilala nakuona umembeba Chiriku, na hasira inaniponyoka. Hiyo nayo inanitia hasira.

Usinitumie kitu chochote. Hata salamu kupitia kwa dereva. Nikiwa tayari, nitaandika.

Mwanao

Nje ya lango, Hospitali Kuu
2 Agosti

Mwanangu Kichwa Ngumu,

Ulisema nisitume kitu. Sikutuma. Mei imepita, Juni imepita, Julai imepita, na mama yako shahidi, mara ngapi nimekaa na kalamu akaninyang'anya. "Amesema atakuandikia," ananiambia, "subiri kama watu wengine." Nimesubiri. Kusubiri sijui, lakini nimesubiri.

Juzi Kipara akanipigia simu. Kwa kuwa sisikii, alikuwa anapiga kelele mpaka jirani akaja kunitafsiria. Akasema mmeumwa upya, na homa imeanza kuingia wodini. Akasema wanne wameanguka, wanne wako imara kabisa wanacheza karata, na Daktari Mkuu hatembei tena, anakimbia. Nikamuuliza, "Wangu yuko upande gani?" Akanyamaza. Mtu wa kupiga kelele akanyamaza! Nikajua. Nilipanda basi la kwanza nikiwa na viatu vya shambani.

Sasa nimekaa kwenye benchi la mlinzi. Barua hii Kipara ndiye ataileta. Ameniambia homa ilikupanda sana, ulitapika, ulisema maneno yasiyoeleweka, na vimelea vilipoonekana tu ukapewa dawa. Ameniambia leo asubuhi umeomba maji mwenyewe na umemgombeza muuguzi kuhusu dirisha. Nimemwambia huyo basi anapona.

Kwa hiyo wewe ulichomwa maji tangu mwanzo. Kama si kopo langu, ungekuwa umeumwa na kupona zamani, na mengine haya yote yasingekuwepo. Kipara amenieleza taratibu ili niingiwe na akili: kuumwa kwako ndiko kunakoonyesha kwamba wale wanne wamekingwa. Asingeumwa mtu, wasingejua lolote. Nimemwambia naelewa. Na kweli naelewa, lakini nimemwomba anieleze tena.

Mlinzi amenipekua, mwanangu. Alikuwa na amri, kwa sababu huku najulikana, na si kwa miguu tena. Akakung'uta kofia, akaangalia mpaka soksi. Wala sikukasirika. Nilimgeuzia mifuko mwenyewe. Hajakuta kitu, kwa sababu hakuna. Sina chungwa, sina uji, sina hata chupa ya maji. Tangu nizaliwe sijawahi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Watu wanapita hapa na vikapu vyao wananiangalia kama mtu asiye na kwao. Ni aibu, na nimeibeba toka nyumbani kwa makusudi, ili uione.

Kipara anasema dirisha lako ni la pili kutoka kwenye bomba la mvua. Nalitazama. Sikuombi unisamehe leo, uko na homa, usijichoshe. Kama unaweza kufika hapo dirishani, fika nikuone. Kama huwezi au hutaki, mimi sijambo hapa kwenye benchi, na kesho nitakuwepo.

Baba yako